Weka penseli kando kwanza

Kila anayekuja kwangu kujifunza kuchonga kwenye kibao cha mti picha za kupigwa chapa kwa wino huja na penseli iliyochongoka vizuri. Namwambia aiweke. Kisha namwonyesha picha moja iliyochongwa na Gwen Raverat, mchongaji wa Uingereza, mto na miti ya mji wa Cambridge, ndogo kama kadi ya mwaliko, namuuliza: mistari gani hapa ameichora? Wengi hunionyesha matawi meusi. Kumbe weusi ulikuwepo tangu mwanzo. Mama huyo alichonga mwanga tu.

Kibao kitupu ukikipaka wino na kukipiga chapa kinakupa mstatili mweusi tititi. Kila utakachokwangua kitatoka cheupe. Kwa hiyo kabla ya kugusa chuma cha kuchongea, jiulize mwanga unaingilia wapi. Mimi hupaka kibao chote wino wa kalamu, kiwe cheusi, ili kila mkwaruzo unionyeshe ukweli palepale. Anayechora kwanza kwa penseli kisha akaifuata mistari yake kama mtoto anayefuatisha herufi, hutoa picha ngumu isiyo na pumzi.

Raverat alizaliwa Cambridge mwaka 1885, mjukuu wa Charles Darwin, yule wa nadharia ya mageuzi. Utotoni alimhusudu Thomas Bewick, mchongaji wa Newcastle, Uingereza, aliyefariki mwaka 1828, na picha zake ndogo za ndege na vijiji. Mwaka 1908 aliingia Slade, chuo cha sanaa cha London, lakini kuchonga mti alionyeshwa na Elinor Darwin, mke wa binamu yake. Nyie mnaolalamika kwamba chuo hakiwafundishi mnachokitaka, tazameni na jikoni kwa shangazi.

Sasa mkono. Hatuchongi ubao wa kawaida uliopasuliwa kwa urefu; tunatumia mti uliokatwa kukingama, upande ule wenye miduara, ndiyo maana chuma kinapita kila upande bila kung'oa nyuzi. Mimi kwa ubishi nilijaribu mninga uliopasuliwa kwa urefu, ukanivunjikia kila kona. Patasi yetu ni nyembamba, mpini wake wa mviringo kama uyoga unakaa ndani ya kiganja, na kidole gumba kinaegemea kibao kama breki. Chini weka kimfuko cha ngozi kilichojaa mchanga. Ukitaka mstari upinde, usipinde mkono. Zungusha kibao kwa mkono wa kushoto, wa kulia utulie. Wiki mbili za kwanza utaona ni upuuzi, kisha siku moja duara litatoka lenyewe.

Na kioo. Picha hutoka imegeuzwa. Niliwahi kuchonga kadi ya harusi yenye neno "Karibuni", siku nne za kazi, nikaifungua chapa ya kwanza mbele ya mteja na neno likasomeka kinyumenyume. Bwana harusi alicheka, mama yake hakucheka. Tangu siku hiyo kioo kipo mezani, na herufi nazichonga mwanzo kabisa, macho yakiwa bado mapya.

Watu hudharau udogo wa kazi hii. Mti uitwao boksi, unaopendwa zaidi kwa kazi hii, hukua polepole na shina lake ni jembamba, basi hata vibao ni vidogo. Ila udogo huo una baraka zake. Raverat aliolewa mwaka 1911 na Jacques, mchoraji Mfaransa. Ugonjwa wa mishipa ya fahamu ukammaliza mumewe nguvu kidogo kidogo. Mwaka 1920 wakahamia Vence, kusini mwa Ufaransa, na huko Jacques akafariki mwaka 1925. Mke alikuwa na mgonjwa na binti wawili, na bado alichonga. Ni mwaka huohuo wa 1920 alipokuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wachongaji mti cha Uingereza. Sijui ni mchoraji gani wa turubai la mita mbili angeweza hayo.

Ukipata kazi ya kitabu, omba ukurasa wa mfano kabla ya kuchonga. Zamani kibao kilitengenezwa kwa kimo cha herufi za madini ya risasi za mpiga chapa, milimita 23.3, kikafungwa pamoja nazo na kupigwa chapa mara moja. Kompyuta imeondoa hesabu hiyo, lakini jicho bado linaidai: picha nzito kando ya herufi nyembamba humeza ukurasa. Kwenye vitabu vya Raverat picha na maneno vinaonekana kama ndugu wa tumbo moja.

Siku yako ya kwanza nitakupa kibao cheusi na yai juu ya sahani, karibu na dirisha. Utachonga mwanga wa yai tu, sahani iache gizani. Dirisha langu liko kulia. Kwenye kibao, kushoto.