Viongozi wa ushirika wetu wa nyumba wamekula pesa, tuanzie wapi?

Swali: Wakili habari. Tuko wanachama 90 kwa ushirika wa nyumba huku Nakuru, tulinunua shamba ekari tano tukaanza kuchanga ya ujenzi. Mwaka wa pili sasa hatujasomewa hesabu, mwenyekiti anasema pesa iko kwa kontrakta, na kontrakta kumbe ni shemeji yake. Wengine wanataka polisi, wengine Mahakama Kuu. Tufanyeje?

Jibu: Pole sana dada, najua hiyo ni jasho la miaka. Mahakama Kuu muiache kwanza. Mzozo wa wanachama na kamati yao unaanzia Tribunali ya Ushirika, iko wazi kwenye kifungu cha 76 cha Sheria ya Vyama vya Ushirika, Sura ya 490, na mkipeleka kwingine wakili wa mwenyekiti atasimama siku ya kwanza aseme korti haina mamlaka, mtolewe na pesa ya wakili mshalipa. SASRA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia sacco, nayo ni ya zile zinazoweka akiba za watu, sio ushirika wa kununua shamba na kujenga.

Anzeni na karatasi. Kifungu cha 21 kinampa kila mwanachama haki ya kuona minutes za mkutano mkuu, rejista na hesabu za mwaka pale ofisini, na hesabu lazima zikaguliwe kila mwaka, kwa hivyo miaka miwili bila kusomewa peke yake ni kosa. Ombeni kwa barua, nakala yenu igongwe muhuri, na karani akikataa kugonga andikeni hapo hapo chini tarehe, saa na jina lake, hiyo karatasi itawasaidia baadaye kuliko mnavyofikiria.

Halafu sasa dawa yenyewe, ambayo watu wengi hawaijui, ni uchunguzi wa Kamishna wa Ushirika chini ya kifungu cha 58. Anaweza kuuanzisha mwenyewe, lakini akiombwa na thuluthi moja ya wanachama waliohudhuria na kupiga kura kwenye mkutano uliotangazwa vizuri, ni lazima aufanye. Mkija 60 na wote wapige kura, mnahitaji 20 tu! Kamati ikikataa kuita mkutano nendeni kwa afisa wa ushirika wa kaunti, maana Kamishna ana uwezo wa kuuitisha. Na tafadhali hesabuni mikono. Nishaona kikundi kimepoteza miezi kwa sababu katibu aliandika "wengi walikubali", basi, hakuna idadi ya waliokuja wala waliopiga kura, ikabidi mkutano urudiwe na wakati huo vitabu vikahama ofisi.

Ripoti inasomwa mbele yenu kwenye mkutano mkuu, na ikionekana mambo yameharibika Kamishna anaweza kuvunja kamati, mkapata ya muda ya watu wasiozidi watano kwa siku zisizozidi 90. Kisha inakuja sachaji, kifungu cha 73, yaani aliyetumia vibaya pesa anaamriwa airudishe yeye binafsi pamoja na riba, sio ushirika ulipe tena kwa michango yenu. Ana siku 30 za kukata rufaa Tribunali. Hapa ndipo huyo shemeji atawafaa, tafuteni kama kontrakti ilipitishwa na kamati, kama kulikuwa na kotesheni zingine, na malipo yalitolewa kwa kazi gani iliyoonekana kwa macho.

Polisi mnaweza kwenda pia, moja haizuii nyingine, ila kesi ya jinai ni ya kumfunga mtu, pesa yenyewe mara nyingi inabaki kusubiri.

Kitu kinachonitia wasiwasi kuliko yote ni shamba. Kabla ya barua yoyote, Jumatatu asubuhi mtu mmoja aende ofisi ya ardhi afanye sachi, aone hati iko kwa jina la nani na kama imewekwa rehani benki. Mkikuta kuna dalili ya kuuzwa msingoje uchunguzi wa Kamishna, kimbieni Tribunali siku hiyo hiyo muombe amri ya kuzuia.