Kupima damu kwa ajili ya ukoma: kunaonyesha nini?

SWALI: Mume wangu ameanza dawa za ukoma mwezi uliopita. Nasikia huko Komoro majirani wa wagonjwa walitobolewa kidole wakapimwa damu. Mbona hapa mimi na wanangu tumekaguliwa ngozi tu? – Msomaji, Lindi

JIBU: Dada, pole kwa kuuguza. Kukaguliwa ngozi ndiko kunakowafaa. Kipimo ulichokisikia hakitafuti ugonjwa; kinatafuta kingamwili (protini za kinga zilizo kwenye damu) za aina ya IgM ambazo mwili hutengeneza dhidi ya PGL-I, mafuta yenye sukari yaliyo kwenye ukuta wa kimelea cha ukoma. Mwenye vimelea vingi huwa nazo tele. Mwenye mabaka machache mara nyingi hana kabisa, kwa sababu mwili wake hupambana kwa chembe hai za kinga zaidi kuliko kwa kingamwili. Kwa hiyo jibu hasi halimwondolei mtu shaka. Na wengi wenye jibu chanya, ingawa hatari yao ni kubwa kuliko ya wenzao, hawaugui maisha yao yote. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 haupendekezi kipimo chochote cha damu kwa mtu asiye na dalili.

Faida kubwa ya kipimo hicho iko kwa jamii, hasa kwa watoto. Mtu mzima mwenye kingamwili huenda alikutana na kimelea miaka mingi iliyopita. Mtoto wa miaka 5 aliye nazo amekutana nacho ndani ya miaka hiyo 5. Wakipimwa watoto wa kijiji, kisha wa umri uleule baada ya miaka kadhaa, idadi ya wenye kingamwili ikishuka ni dalili kwamba maambukizi yanapungua. Ila jibu la maabara ni ukolevu wa rangi inayotokea kwenye kipimo, na mpaka kati ya hasi na chanya huwekwa na wapimaji. Wakiusogeza katikati ya kazi, au wasipoiondoa kwenye hesabu rangi inayojitokeza hata pasipo PGL-I, hesabu zote mbili hazilinganishiki tena.

Huko Nzuani na Mwali, visiwa vya Komoro, upimaji uliousikia ulikuwa utafiti. Katika baadhi ya vijiji, majirani waliokaa ndani ya mita 100 walipimwa, na wenye jibu chanya wakapewa rifampisini, dawa ya kuua bakteria, kama kinga.

Ninyi mnaoishi na mgonjwa hamhitaji kipimo hicho ili mpewe kinga. Ulizia rifampisini ya dozi moja: mg 600 kuanzia miaka 15, mg 450 kwa miaka 10–14, na kwa wadogo kuanzia miaka 2 kulingana na uzito. Kwanza mhudumu ahakikishe hakuna mwenye ukoma wala kifua kikuu, maana dozi moja haitibu magonjwa hayo na yaweza kufanya vimelea viwe sugu kwa dawa. Mweleze kama una mimba au ugonjwa wa ini. Mkojo ukiwa wa rangi ya chungwa baada ya dawa msishtuke.

Baada ya hapo kaguaneni kwenye mwanga wa mchana, mgongo na makalio yakiwemo. Baka jeupe au jekundu ligusweni kwa ncha ya pamba, anayekaguliwa akiwa amefumba macho. Asipohisi, nendeni zahanati wiki hiyohiyo. Ugonjwa huchukua wastani wa miaka 5 kujitokeza, wakati mwingine hata 20, basi msiache baada ya mwaka mmoja.