Propela ya injini ya rotari: agiza kwa hewa ya Dodoma, si ya Dar

Fomu ya mtengenezaji wa propela ina swali moja lililonigharimu karibu mwaka mzima: ndege yako itakwenda kasi gani? Nilijaza kilomita 290 kwa saa. Hiyo ilikuwa kasi niliyoitamani. Hakuna aliyeipima, maana ndege ilikuwa bado iko karakanani Kizota, Dodoma, haina hata kioo cha mbele. Walipouliza uwanja wako uko mita ngapi juu ya usawa wa bahari, nikaacha wazi. Nilidhani hilo ni la rubani.

Propela ikaja, mbao imeng'arishwa hadi unaona uso wako. Kipenyo inchi 76, pichi (nitaieleza chini) inchi 88. Siku tuliyoifunga na kuwasha, nikasukuma mafuta mpaka mwisho. Mita ya mizunguko ikapanda hadi 5,100 kwa dakika, ikagoma hapo hapo. Injini ilinguruma vizuri, haikukosa mlipo hata mmoja, lakini haikutaka kupanda zaidi.

Naandika haya kwa ajili ya yeyote aliye hapa katikati ya nchi, Dodoma, Singida au Kondoa, anayejenga ndege yake mwenyewe na ameamua kuweka injini ya rotari. Najua tu wachache, na ndiyo sababu kila mmoja wetu anarudia kosa la mwenzake.

Kwanza injini yenyewe. Yetu ni Mazda 13B, rota mbili (vipande vya pembetatu vinavyozunguka ndani yake), kila moja sentimita za ujazo 654. Haina pistoni wala valvu. Ukisoma mizunguko 6,000 kwenye mita, hiyo ni ya shafti. Rota zenyewe zinazunguka mara 2,000 tu, kwa sababu shafti huzunguka mara tatu kila rota inapomaliza mzunguko mmoja. Kwa hiyo usiogope injini hii ikizunguka kasi. Kinachoiumiza ni joto. Nguvu zake ziko juu: msokoto wake haubadiliki sana kutoka mizunguko ya kati hadi ya juu, kwa hiyo kadiri inavyozunguka haraka ndivyo farasi (nguvu za injini) wanavyoongezeka, karibu kwa uwiano uleule. Ukiifungia propela inayoikaba kwenye 5,100, farasi wengine wote umewalipia na hutawaona.

Hakuna propela ya ukubwa huu inayoweza kuzungushwa moja kwa moja na shafti ya kasi hiyo, kwa hiyo katikati kuna giaboksi ya kupunguza. Hapa ndipo uchaguzi wa propela unapoanza, kabla hujaongelea pichi. Giaboksi za 13B zinazojulikana zaidi ni za uwiano wa 2.17 na 2.85. Chukua propela yangu ya inchi 76. Kwenye giaboksi ya 2.85, injini ikiwa 7,000, propela inazunguka kama mara 2,456 kwa dakika, na ncha ya panga inakwenda mita 248 kwa sekunde. Hiyo ni salama. Ihamishie kwenye giaboksi ya 2.17: propela inafika 3,226 na ncha inakwenda mita 326 kwa sekunde. Sauti yenyewe, siku ya joto la nyuzi 31, inasafiri mita 350 hivi. Ukifika karibu namna hiyo, nguvu nyingi zinaishia kwenye kelele na hewa inakataa kushikwa. Mwenye 2.17 lazima akubali propela fupi. Mwenye 2.85 anaweza kuvaa ndefu, na propela ndefu inayozunguka taratibu ndiyo inayovuta vizuri ndege ikiwa bado ina mwendo mdogo.

Urefu una mpaka mwingine: ardhi. Kipimo kinachotumika kwa ndege zilizothibitishwa ni inchi 7 kati ya ncha ya panga na ardhi kwa ndege yenye gurudumu la mbele, na inchi 9 kwa yenye gurudumu la mkia. Kwa viwanja vyetu vya udongo na kokoto mimi sishuki chini ya 9 kwa yoyote.

Sasa pichi. Fikiria skrubu inaingia kwenye mbao: kila ukiizungusha mara moja inasonga umbali fulani. Pichi ni umbali huo, kana kwamba hewa nayo ni ngumu kama mbao. Pichi ndefu ni kama gia namba tano: ukishakuwa na mwendo, raha. Ukiwa umesimama, injini inakabwa, na mapanga yanaikata hewa kwa pembe kali mno, yanaipiga badala ya kuivuta. Pichi fupi ni gia namba mbili. Propela ya pichi isiyobadilika inakulazimisha uchague gia moja na uitumie toka unawasha hadi unatua. Kwa hiyo chagua kwa ajili ya mahali ambapo ukikosea unaumia. Kwa Dodoma, mahali hapo ni mwisho wa uwanja.

Uwanja wetu uko mita 1,100 na kidogo. Saa nane mchana mwezi wa Novemba, joto likiwa nyuzi 31, mita moja ya ujazo ya hewa hii ina uzito wa kilo 1.01 hivi. Kipimo cha kawaida cha usawa wa bahari ni kilo 1.225. Injini inavuta hewa pungufu kwa asilimia 17, propela inashika hewa pungufu kwa asilimia 17, na mabawa yanadai kasi ya kweli kubwa zaidi, karibu asilimia 10, ili yabebe uzito uleule. Ndege inahisi kama iko karibu mita 2,000.

Kuna jambo hapa lililonichanganya kwa muda mrefu. Hewa ikipungua, injini inadhoofika na mzigo wa propela nao unapungua, vyote kwa kiasi kinachokaribiana. Matokeo yake mita ya mizunguko inasoma karibu vilevile Dar na Dodoma. Ukitegemea mita peke yake utasema mambo ni sawa, kumbe mvuto umeshuka. Propela yangu ya kwanza ingegoma kwenye 5,100 hata ufukweni. Tofauti ni kwamba kule ingenyanyuka, kwa uvivu. Hapa haikunyanyuka.

Nilijuaje? Kwa mizani. Kuna mbuyu pembeni ya uwanja wetu. Tulifunga mkia wa ndege kwa mnyororo kwenye mbuyu ule, na katikati tukaweka mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia magunia ya alizeti. Mnyororo uwe umenyooka sawa na ardhi, la sivyo namba inadanganya. Magurudumu yawe huru kusogea kidogo ili mvuto wote uende kwenye mizani, lakini weka magogo hatua moja mbele endapo mnyororo utakatika. Fagia kokoto zote chini ya propela. Hakuna mtu anayesimama usawa wa mapanga, upande wowote, hata kwa dakika moja. Na usizidishe sekunde kumi za mafuta yote: rejeta haipati upepo ndege ikiwa imesimama, na oili ya injini ya rotari hubeba karibu theluthi moja ya joto linalopaswa kuondolewa, kwa hiyo angalia mita zote mbili, ya maji na ya oili.

Asubuhi saa moja mizani ilisoma kilo 215. Saa nane mchana, mizunguko ileile, ilisoma 205.

Hata hivyo tulijaribu. Rubani wetu, mwenye leseni, alikubali kukimbia tu bila kuruka, kwa kanuni moja: ukifika nusu ya uwanja bila kuwa na asilimia 70 ya kasi ya kunyanyukia, zima. Nilisimama na bendera kwenye alama ya nusu. Nakumbuka kokoto zikirushwa na matairi, na mkia uliochelewa kupanda, mzito, kama mbuzi anayevutwa kamba. Alipita mbele yangu na nikasikia mafuta yakishushwa. Hakufika hata asilimia 60. Alipozima na kushuka hakunilaumu. Aliniambia tu, "Kaka, injini unayo. Propela huna."

Nikarudi kwenye ile fomu, safari hii na ukweli. Uwanja mita 1,100. Joto la mchana 31. Urefu wa uwanja mita 900, udongo. Uzito kamili wa ndege na mafuta na watu wawili, uliopimwa, si wa kwenye mchoro. Uwiano wa giaboksi. Upande inakozunguka, ukiangalia kutoka kiti cha rubani (giaboksi ya gia mbili zinazosagana inageuza mzunguko, ya sayari kama yetu, yenye gia ndogo zinazoizunguka gia ya kati, haigeuzi, ukikosea hapa utaletewa propela inayosukuma nyuma). Na badala ya kasi ninayoitamani, nikaandika mizunguko niliyoipima ndege ikiwa imefungwa, pamoja na ninayoitaka: 5,800.

Ilikuja ya inchi 76 kwa 78. Mbuyu uleule, mizani ileile, asubuhi: mizunguko 5,800, kilo 250. Mwezi uliofuata ilinyanyuka kabla ya bendera yangu.

Gharama ipo. Safarini injini inazunguka juu zaidi kuliko ingekuwa na pichi ya 88, na rotari inapenda mafuta. Ndege za pistoni zinaogopa pichi fupi kwa sababu rubani akijisahau anazidisha mizunguko na kuharibu injini. Kwa rotari hofu hiyo ni ndogo, na faida nyingine inaingia mlango wa nyuma: ndege inapanda kwa kasi, upepo unapita kwenye rejeta, na muda wa kukaa kwenye mafuta yote unafupika. Pichi ndefu ilikuwa inatupikia injini hata kwenye majaribio ya ardhini.

Kama una fedha, propela ya mapanga matatu inayorekebishwa ardhini kwa spana ni njia nzuri ya kutafuta pichi yako kabla hujaagiza ya mbao. Hakikisha tu giaboksi yako inaruhusu uzito wake. Ya chuma siipendekezi: mtikisiko wake kwenye mchanganyiko wa injini na giaboksi yako haujapimwa na mtu, na chuma hupasuka kimyakimya.

Na kuhusu kuchonga mwenyewe. Nilimpelekea ile propela ya kwanza mzee mmoja seremala, Majengo, nikitaka anisaidie kutengeneza sanduku la kuihifadhi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaipapasa panga lote kwa kidole gumba kutoka kitovuni hadi nchani.

"Mwanangu, hii naichonga. Kwa mninga. Mninga hauliwi na mchwa."

Naamini kabisa angeweza kuichonga ikafanana. Mikono yake naijua. Lakini nilimwomba asijaribu, nikamwonyesha hesabu: panga moja la kilo 3, kitovu cha uzito wake kikiwa sentimita 40 kutoka katikati, kwenye mizunguko 2,280 kwa dakika, linajivuta kutoka kitovuni kwa nguvu ya karibu tani 7. Akatazama nje, barabarani ilikuwa inapita Fuso imejaa mizigo. "Kama ile?" Kama ile, mzee. Akarudi kwenye sanduku. Propela za mbao zinagundishwa tabaka kwa tabaka, kwa mbao na gundi ambazo nguvu zake zimepimwa kwa kazi hiyo. Nasi hatuna kipimo hicho.

Jambo la mwisho ni nati, na wa Dodoma hawana budi kulijua kuliko wa pwani. Propela ya mbao inazungushwa na msuguano kati ya kitovu chake na flanji (sahani ya chuma inayoibeba), bolti zinabana tu. Kiangazi chetu kirefu kinaikausha mbao, inasinyaa, na bolti zinalegea bila mtu kuzigusa. Mvua za Desemba zikija inavimba na kujibana kupita kiasi. Ukiona vumbi jeusi au mbao iliyoungua nyuma ya kitovu, tayari ilikuwa inateleza. Fuata kipimo cha mtengenezaji: kagua baada ya safari ya kwanza, kisha kila baada ya saa alizotaja, na mimi naongeza mara mbili kwa mwaka, majira yanapogeuka. Iegeshe mapanga yakiwa yamelala, yasisimame wima, unyevu usije ukatuama kwenye panga la chini ukaharibu balansi. Baada ya kukaza, weka kigingi ardhini usawa wa ncha moja, zungusha kwa mkono, hakikisha ncha ya pili inapita palepale. Zikiachana zaidi ya milimita 3, fungua uanze upya.

Kama hujaenda TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, nenda kabla ya kuagiza chochote, wakuambie karatasi wanazotaka kuhusu injini na propela.

Wiki iliyopita nilizikagua zangu kabla ya mvua. Nati sita. Nne zilikuwa sawa. Ya tano ikazunguka kidogo. Ya sita ilizunguka robo nzima kabla toki renchi, spana inayolia nati ikifikia mkazo uliowekwa, haijalia.