Erika zangu zimekauka mlangoni: nimezikosea wapi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, naishi Reading, Uingereza, huu mwaka wa sita. Mwezi wa tisa nilinunua vyungu viwili vya erika, vile vichaka vidogo vya maua, nikaviweka mlangoni. Kimoja kilikuwa na vikengele vidogo vya waridi iliyokolea, kingine kilikuwa na maua ya buluu kali. Nilivimwagilia maji ya bomba kila Jumamosi, nikaongeza na mbolea ya kuku ile ya punje. Kufika Krismasi vyote vimekuwa kahawia kama ufagio wa chelewa. Mume wangu anasema niliviua kwa kiu, jirani anasema niliviua kwa maji. Januari nikanunua cha tatu, maua meupe, kibao chake kimeandikwa Erica × darleyensis, na mpaka leo kinachanua. Je, vile viwili vinaweza kufufuka? Hiki cha tatu nikipande ardhini? Na nikipogoe lini? Sitaki kuzika tena.

JIBU: Pole dada, na salamu kwa mume na jirani. Hicho chungu cha kwanza nadhani hakikufa kwa kiu wala kwa kuzama. Vikengele vidogo vya waridi iliyokolea, vinauzwa mwezi wa tisa, vinakauka Desemba: hizo ni dalili za Erica gracilis. Asili yake ni Afrika Kusini, na sakitu, yaani baridi ya kugandisha, haiiwezi kabisa. Wakulima wa Ulaya huizalisha kwa wingi ili ipambe milango na makaburi msimu wa majani kupukutika, na usiku wa kwanza wa barafu kali ukiingia, safari yake imekwisha. Kwa maneno mengine uliuziwa shada la maua lenye mizizi. Hakuna ubaya kununua shada, ila muuzaji angekwambia. Mimi nafanya kazi kwenye kitalu huku huku Uingereza na kila vuli nawaambia wateja hivyo, na wengine hununua vilevile, kwa sababu ni ua zuri kweli.

Cha buluu nacho kina kisa chake. Erika ya buluu ya namna hiyo haipo. Hiyo ni rangi ya kupuliza, kama mtu anavyopuliza geti. Chukua kijitawi kimoja, kisugue kwa kidole kilicholowa, kisha kipasue katikati: nje buluu, ndani kahawia au kijani. Mmea unaopakwa hivyo mara nyingi ni kaluna, yaani Calluna vulgaris, ndugu wa karibu wa erika, na huyo ni mwenyeji wa Ulaya ya kaskazini anayelala chini ya theluji bila neno. Kwa hiyo usikitupe bado. Kwaruza gome la shina kwa ukucha, karibu na udongo. Ukiona kijani kibichi chini ya gome, mmea unapumua. Ukiona kahawia kavu kila unapokwaruza, mpaka chini kabisa, basi. Kikiwa hai, chipukizi zitatoka na rangi yake halisi, ile ya kuzaliwa nayo.

Kutofautisha erika na kaluna si kazi ngumu, na inafaa uijue kabla ya kutoa pochi. Tazama jani kwa karibu. Jani la erika ni kisindano, na visindano vitatu au vinne huzunguka shina mahali pamoja, kisha shina likabaki tupu kidogo, kisha mzunguko mwingine. Jani la kaluna ni kigamba kidogo kilicholala juu ya kingine, mistari minne, kama nywele zilizosukwa zikabana. Ukishaujua huo msuko hutadanganyika tena.

Sasa twende kwenye maji, maana hapo ndipo Reading inapokuponza. Fungua birika lako la umeme uangalie chini. Ule ukoko mweupe ni chokaa, na mji wako unakunywa maji yaliyopita kwenye miamba ya chokaa. Jamii hii ya mimea inapenda udongo wenye asidi, kama mchai unavyopenda. Huoni Lushoto, Njombe na Kericho zinavyositawisha chai? Kaluna ungeiwekea udongo wa namna hiyohiyo, wenye pH, yaani kipimo cha asidi, ya 4.5 hadi 5.5. Ukiimwagilia maji ya chokaa kwenye chungu, mwezi baada ya mwezi, asidi inapungua, na madini ya chuma yaliyomo udongoni yanafungika, mizizi isiweze kuyachukua. Utaona majani machanga ya juu yanageuka manjano huku ya zamani yakibaki kijani. Watu wakiona manjano hukimbilia mbolea, na hapo ndipo msiba unapoanza.

Tiba ni rahisi na haina gharama: kinga maji ya mvua. Ndoo chini ya mfereji wa paa inatosha kwa vyungu vitatu. Mvua ya Uingereza haijawahi kumnyima mtu.

Kuhusu ile mbolea ya kuku, hapana. Na nasema hapana kwa sauti, kwa sababu najua sisi wa nyumbani tunavyoiamini samadi. Chomoa erika yoyote kwenye chungu utazame mizizi: ni laini kama nywele za mtoto mchanga, imetandaa juu juu, haina hata vile vinyweleo ambavyo mizizi ya mahindi au maharage inavyo. Kazi ya vinyweleo inafanywa na kuvu wanaoishi ndani ya seli za mizizi yenyewe. Kuvu hao wanajua kumenya naitrojeni kutoka kwenye mboji kavu yenye asidi, mahali ambapo mimea mingi ingekufa njaa. Ndiyo maana erika hustawi kwenye nyika maskini. Ukiimwagia mbolea kali unaunguza mizizi na kuwavuruga wale wapishi wake. Iliyo ardhini usiipe kitu. Iliyo kwenye chungu, kijiko kidogo cha mbolea ya mimea ya asidi, mara moja masika, imetosha.

Nimesema hicho cha kwanza hakikufa kwa kiu ya mume wala kwa maji ya jirani, lakini kuna ugonjwa wa vyungu ambao ungewafanya wote wawili wawe sahihi kwa wakati mmoja. Udongo mwepesi wa kitalu ukikauka sana hujikunja, ukaachana na ukuta wa chungu. Ukimwaga maji yanateleza pembeni, yanatokea chini, kisahani kinajaa, nawe unaridhika. Kumbe kitovu cha ule udongo ni kikavu kama unga, na mizizi ya chini inaoza kwenye kisahani. Macho hayatakusaidia hapo, ukinyanyue tu. Chungu kilichoshiba ni kizito mkononi. Kikiwa chepesi kama kikapu kitupu, kizamishe chote kwenye ndoo ya maji ya mvua, kishikilie, kitatoa mapovu. Mapovu yakikoma, kitoe, kiache kichuruzike, na kisahani ukiweke kabatini.

Cha tatu sasa, huyo mweupe. Hapo ulibahatika, au muuzaji alikuwa mwema. Erica × darleyensis ni chotara wa Erica carnea, erika ya milima ya Alps, na Erica erigena, ambayo huota kusini-magharibi mwa Ulaya na magharibi ya Ireland. Alijitokeza mwenyewe mnamo 1890 kwenye kitalu kimoja huko Darley Dale, Derbyshire, ndipo akapata jina. Anavumilia sakitu, anachanua katikati ya baridi wakati bustani nzima imenuna, na, la muhimu kwako, anastahimili chokaa kuliko wengi wa ukoo wake. Kustahimili si kupenda, lakini udongo wa Reading hautamuua. Mpande ardhini.

Subiri siku ambayo udongo haujaganda wala haujalowa mpaka unanata kwenye koleo. Chagua mahali panapopata jua kwa muda wa saa sita kwa siku au zaidi; kivulini atarefuka, atalegea, maua yatakuwa ya kuhesabu. Chimba shimo pana kuliko refu, changanya udongo uliotoka na mboji ya magome ya misonobari, na kama ni mfinyanzi mzito ongeza changarawe ndogo. Zamisha chungu kwenye ndoo kwanza kama nilivyoeleza. Ukimtoa, utakuta mizizi imejizungusha kwa umbo la chungu. Ichambue kwa vidole pembezoni, usiogope kukata michache. Kisha kitu ambacho vitabu vya mimea mingine vinakataza: mpande kwa kina, mpaka majani ya chini yakalie udongo. Sehemu ya shina iliyofukiwa itatoa mizizi mipya na mmea hautayumba kwa upepo. Ukiweka wengine, waachanishe kama sentimita 45. Mwaka wa kwanza usimwache akauke kiangazi, hata kama majirani wanasema ni mmea unaovumilia kiu. Anavumilia akishajishika.

Kupogoa nitakueleza kwa aibu yangu mwenyewe. Mimi natoka Marangu, na kwetu mbuni uliozeeka ukiukata ubaki kisiki, unarudi kwa hasira. Mwaka wangu wa kwanza kitaluni nilipewa mstari wa kaluna arobaini, zimerefuka miguu, chini ukuni mtupu. Nikazikata kisiki kama kahawa. Msimamizi alirudi kutoka kunywa chai akasimama kimya muda mrefu. Zilizochipua hazikufika sita.

Erika na kaluna nyingi hazichipui kutoka kwenye ukuni mkavu. Kata mahali penye majani mabichi tu, chini kidogo ya maua yaliyonyauka. Huyo wako anamaliza kuchanua kati ya mwezi wa tatu na wa nne: hapo hapo mkate nywele, kwa mkasi wa kukatia michongoma, ukifuata umbo lake la mviringo, na umalize kabla ya Juni kwa sababu baadaye anaanza kuandaa machipukizi ya maua ya baridi ijayo. Kaluna, kama yule wa buluu atafufuka, hukatwa mwezi wa tatu. Fanya hivyo kila mwaka bila kuruka. Mwaka mmoja ukiruka, ule ukuni mtupu unaanza.

Ipo inayovunja kanuni hii, nayo ni ya kwetu. Erica arborea, erika ya miti, ina kifundo kinene chini ya udongo, na hata moto ukipita hurudi kutoka hapo. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wameipita jamii hiyo bila kujua jina: ukishaiacha kambi ya Mandara, mita 2,720 juu ya bahari, kuelekea kambi ya Horombo, msitu unafifia na unaingia kwenye miti ya erika yenye ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye ukungu. Mtoto nilikuwa nikidhani erika zote ni ndefu kuliko mtu. Nilipoonyeshwa ya chungu mara ya kwanza niliuliza itakomaa lini.

Ukitaka mche wa pili bila kununua, kiangazi vuta tawi moja la pembeni la huyo mweupe, ukwaruze gome upande wa chini, ulifukie katikati huku ncha ikibaki nje, weka jiwe juu. Baada ya mwaka hivi litakuwa na mizizi yake; likate, lihamishe.

Vile vyungu vya zamani: cha kwanza kimwage, lakini kama mizizi imekuwa kahawia na inateleza mkononi, usitumie tena udongo wake kwa mmea wowote wa ukoo huu, na chungu kisugue kwa maji ya moto na sabuni. Cha buluu kiweke nje penye mwanga, kisiguswe na mbolea, mpaka mwezi wa tano. Kikitoa kijani, niandikie na picha ya jani kwa karibu tuone kama ni ule msuko.