Maswali ya Wasomaji: Kamera ya Gari na Boksi la Fyuzi

SWALI: Nimenunua seti ya nyaya za kufungia kamera ya dashibodi kwenye Toyota IST, ili iendelee kurekodi gari likiwa limeegeshwa. Ina waya mwekundu, wa njano na mweusi. Fundi anataka kusokota mwekundu na wa njano pamoja, kisha auchomeke kwenye fyuzi ya soketi ya kiberiti. Nimruhusu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usimruhusu. Waya wa njano unataka umeme usiokatika. Huo ndio unaoilisha kamera. Mwekundu unataka umeme wa ACC, yaani unaokuja ufunguo ukizungushwa hatua ya kwanza, na kazi yake ni kuiarifu kamera kwamba swichi imewashwa. Umeme wa ACC ukikatika, kamera inajua gari limeegeshwa na kuhamia kwenye ulinzi, yaani hali ya kurekodi gari likiwa limeegeshwa. Akizisokota nyaya zote mbili kwenye kiberiti, kamera itazimika kila unapochomoa ufunguo. Akizipeleka zote kwenye umeme wa kudumu, itarekodi usiku kucha kana kwamba gari liko barabarani. Ukizifunga kinyume napo hupati ulinzi wowote.

Unahitaji fyuzi tapu mbili, yaani vishikio vinavyobeba fyuzi mbili kila kimoja. Kabla ya kununua, chomoa fyuzi za gari lako uende nazo dukani. Fyuzi ya mini ya kawaida na ile fupi zina upana uleule, lakini ile fupi miguu yake haichomozi chini ya plastiki. Ukilazimisha isiyo yake, klipu ya boksi hulegea, na klipu iliyolegea hupata moto hadi plastiki ikayeyuka.

Sasa chukua multimita (kipima umeme), iweke kwenye DC 20 V, na ushike waya wake mweusi kwenye chuma kitupu cha bodi. Kwa waya wake mwekundu gusa vitobo viwili vilivyo juu ya kila fyuzi. Inayosoma volti 12 hata ufunguo ukiwa mfukoni inafaa kwa waya wa njano. Inayosoma sifuri, kisha 12 ukifika ACC, inafaa kwa mwekundu. Ile ya kiberiti, mara nyingi imeandikwa CIG, ni chaguo zuri. Hiyo ya umeme wa kudumu ipime tena gari likiwa limefungwa kwa nusu saa, maana kwenye baadhi ya magari mkondo hulala baada ya muda na kamera huzimika nao. Fyuzi zilizoandikwa SRS au AIRBAG (mifuko ya hewa), ABS (breki), EPS (usukani) au EFI (injini) usiziguse kabisa, hata kama zinapima vizuri. Hizo zinabeba uhai wako.

Fyuzi ya zamani inarudi kwenye nafasi ya chini ya tapu, ikiwa na ampea zilezile. Ya juu weka ya ampea 2 au 3; kamera haihitaji zaidi. Mafundi wengi hukosea upande wa kuchomeka. Jaribu hivi: weka fyuzi ya juu peke yake, acha ya chini wazi, chomeka tapu na upime waya wake. Ukipata volti 12, umepatia. Ukikosa, igeuze. Ikibaki kinyume kamera itawaka, lakini umeme wake utapita kwenye fyuzi ya zamani kwanza, na hiyo ikiungua unapoteza vyote viwili.

Waya mweusi ufunge chini ya bolti inayoingia moja kwa moja kwenye bodi. Bolti inayoshika plastiki ya dashibodi haifai, wala sehemu yenye rangi; kamera itajiwasha na kujizima ovyo.

SWALI: Tangu nifunge kamera, Jumatatu asubuhi gari haliwaki. Kamera mbovu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana, ni hesabu tu. Kamera inayotumia ampea 0.25 gari likiwa limeegeshwa hula Ah 15 (ampea-saa, yaani ampea mara saa) kwa saa 60, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu alfajiri. Betri ndogo ya NS40 ina takriban Ah 35 ikiwa mpya. Tafuta kwenye seti yako, au kwenye menyu ya kamera, mahali pa kuchagua volti ya kukatia umeme. Ikiwa iko 11.6 au 11.8, ndipo tatizo lilipo: betri ya risasi iliyojaa hupumzika kwenye 12.6 hivi, na ikifika 12.2 imebaki nusu. Weka 12.2, betri ikiwa na miaka kadhaa, weka 12.4. Kamera ikianza kuzimika baada ya saa moja au mbili, usiishushe tena volti hiyo. Pima betri injini ikiwa inanguruma: chini ya 13.5, mpelekee fundi umeme aangalie alteneta, yaani kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka. Ikiwa iko sawa, huenda safari zako ni fupi mno kuijaza, au betri yenyewe imechoka.

SWALI: Naweza kusukumia waya ndani ya nguzo ya kioo cha mbele?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwanza angalia kama plastiki ya nguzo imeandikwa SRS AIRBAG. Kama imeandikwa, fungua plastiki na upitishe waya nyuma ya mfuko wa hewa uliomo ndani, ukiufunga kwenye nyaya za gari zilizopo. Ukipita mbele yake, mfuko ukilipuka utaurusha waya usoni, au utashindwa kufunguka vizuri. Kama haijaandikwa, pitisha pembeni, chini ya mpira wa mlango.