Usipige kliya Jumamosi. Tafuta mlango wa skrepa kwanza

Mpigie fundi simu sasa hivi umwambie Jumamosi asije. Ukishakata simu ndiyo uendelee kusoma.

Mdogo wangu, umeandika kwamba umechonga vibao kumi na viwili vya linoliamu (lile zulia gumu la sakafu linalochongwa picha za kuchapia), kwamba ubavu mmoja wa Kirikuu, yaani Suzuki Carry, ya baba yako mkubwa umeshauchapa kwa wino wa mafuta siku nne zilizopita, na kwamba fundi rangi anakuja kupiga kliya juu yake, ile vanishi angavu ya kung'arisha na kulinda rangi ya gari. Unauliza kama wino utadumu, kama stika ingefaa zaidi, trafiki watasemaje, na utoze kiasi gani wengine wakitaka. Halafu hapo juu, kwenye majibu ya wenzetu, kuna mtu amekujibu: "Kliya inafunga kila kitu, piga tu." Nilipofika kwenye sentensi hiyo moyo ulinipasuka. Maneno hayohayo niliambiwa mimi mwaka 2019, na yalinila shilingi 2,340,000 pamoja na miezi minane ya shemeji yangu kutonisemesha.

Gari lilikuwa lake. Suzuki Carry nyeupe, yenye bodi iliyofunikwa nyuma, ya kusambazia mikate Tabata na Segerea. Nilimwomba anipe mwezi mmoja nilivishe kanga. Nilitaka kanga hasa, yenye pindo, mji na jina. Pindo lizunguke kingo zote za bodi, mji ukae katikati ya kila ubavu, na jina lisomeke kwenye mlango wa nyuma ili anayekaa kwenye foleni ya Buguruni alisome mpaka alikariri. Nilichagua "Wema hauozi", nikachonga kila herufi kinyume, na kwa mara ya kwanza maishani sikukosea hata moja. Korosho za kwenye pindo nilizichonga kwa wiki tatu. Nasema haya ujue kwamba kazi yenyewe ilikuwa nzuri, na yako pia ni nzuri, picha ulizoweka nimezikuza nikaziangalia moja moja. Ndiyo maana naumia.

Wino nilinunua Kariakoo. Muuzaji, mtu mzima wa heshima zake, nilimuuliza mara mbili: huu wa kuchapia karatasi utashika kwenye bati la gari? Akanijibu kwamba wino ni wino, ukishakauka umekauka, kitakachoulinda ni kliya. Akaniuzia na kliya yenyewe, hadina yake ya kuigandisha, na tina ya kuchanganyia iwe nyepesi. Mpaka leo nikipita ule mtaa damu inachemka. Alijua ninachokwenda kufanya, nilimwonyesha na michoro. Angeweza kusema "sijui". Neno moja tu, halina bei, na lingeniokoa.

Sasa sikiliza kinachotokea, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanadanganyika. Wino wa mafuta haukauki kama maji yanavyokauka kwenye kitambaa. Mafuta ya kitani yaliyomo ndani yake yanakamata hewa na kugeuka ngozi ngumu, pole pole. Ukichapa kwenye karatasi, karatasi inanyonya sehemu ya yale mafuta, kinachobaki juu ni kidogo, ndiyo maana baada ya siku chache unashika na mkono hauchafuki. Bati lililopakwa rangi halinyonyi kitu. Wino wote umekaa juu. Upande unaoguswa na hewa unafanya ngozi, wewe unagusa unasema umekauka, kumbe chini bado ni mbichi kama uji uliotanda utando.

Ndipo inapokuja kliya. Kliya ya gari imechanganywa na tina kali. Tina inapenya ule utando, inafika kwenye wino mbichi, wino unavimba, na ngozi ya juu haina pa kwenda ila kujikunja. Nilikuwa nimesimama pembeni ya fundi. Alipiga mkono wa kwanza, gari likang'aa, nikaona kanga yangu imekuwa kama imetoka baharini. Fundi akaenda kunywa chai. Baada ya kama dakika kumi pindo la chini likaanza kukunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Kisha mji. Kisha herufi, kuanzia W. Nilikimbia kumwita. Alipofika akashika kichwa, akasema, "Kaka, hapa hakuna cha kufanya, hapa tunasugua." Hakuwa na kosa yule kijana. Nilimpa kitu asichowahi kukipigia kliya, na mimi nilimhakikishia kimekauka.

Kusugua kulichukua siku tano. Wino mbichi haukubali msasa, unajaza msasa mara moja na kupaka tope jeusi kila mahali. Tukatumia tina na matambara, tina ikala na rangi ya gari iliyokuwa chini, tukafika mpaka kwenye praima, ile rangi ya kwanza ya chini, sehemu nyingine mpaka kwenye bati. Ikabidi bodi nzima ipigwe praima na rangi upya. Mikate siku hizo zote ilisambazwa kwa bajaji za kukodi, na bajaji hizo ziko ndani ya ile hesabu ya 2,340,000. Shemeji hakupiga kelele. Alilipia bajaji, akaniletea risiti, akaondoka.

Na msinicheke mnaosema ningesubiri wiki moja zaidi. Nilisubiri siku tisa. Wewe umesubiri nne, na Dar es Salaam sasa hivi ni masika.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitairudia mpaka unichoke: usiguse gari kabla hujachapa mlango wa skrepa, yaani mlango wa gari bovu lililokatwa. Uchape mchapo kamili, wino uleule, kliya ileile, fundi yuleyule, na mlango ukae nje juani na mvuani muda wote wa jaribio. Kipande cha bati jipya kutoka hadiweya hakitoshi, kwa sababu bati jipya halina rangi ya gari, halina nta ya miaka kumi iliyopakwa na waosha magari, wala halina mkunjo. Mlango wa skrepa una vyote hivyo.

Namna ninavyoufanya: nauosha kwa sabuni, naufuta kwa kitambaa chenye tina kidogo kuondoa nta na ile dawa ya kung'arishia. Dawa hiyo usipoiondoa, kliya inaacha vijitundu kama macho ya samaki. Halafu nausugua kwa msasa wa maji namba 600 mpaka ung'avu wote upotee. Naugawa sehemu nne kwa gundi ya karatasi, ile ya utepe, na kuchapa zote siku moja. Sehemu ya kwanza haipati kliya kabisa. Ya pili inapata baada ya wiki moja, ya tatu baada ya wiki tatu, ya nne baada ya wiki sita. Kila moja naiandikia tarehe kwa msumari pembeni, kwa sababu ukitegemea kichwa utasahau. Kliya ikishakaa wiki moja, nachukua wembe, nakata mistari ya kupishana kama drafti, nabandika gundi ya karatasi juu, naivuta kwa nguvu. Miraba ikitoka na gundi, mchapo huo hauendi kwenye gari la mtu. Naweka na tone la petroli, maana siku moja mtu wa kituo cha mafuta atamwagia tu.

Mlango huo ndio ulionifundisha kwamba wino wa linoliamu ulitengenezewa karatasi, na kuulazimisha kwenye bati ni kuuonea. Watu wa Tingatinga walilijua jambo hili kabla yetu sote. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora huku kwetu mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia rangi ya mafuta ya baiskeli, rangi iliyozaliwa kwa ajili ya chuma, akaipeleka kwenye hadibodi na ikakubali. Sisi tunafanya kinyume, tunatoa cha karatasi tunapeleka kwenye chuma, halafu tunashangaa.

Na kwa vile umemtaja msanii wa Marekani Robert Rauschenberg kuwa ndiye aliyekupa wazo, mwangalie vizuri. Mwaka 1953 aligundisha karatasi ishirini ziwe ukanda mmoja mrefu, akamwambia mtunzi wa muziki John Cage aendeshe gari lake la Ford juu ya ukanda huo huku tairi moja likipakwa rangi. Pale gari ndilo lilikuwa rola, na rangi iliishia kwenye karatasi, mahali inapokubalika. Miaka 33 baadaye, mwaka 1986, BMW walipompa gari la 635 CSi alipambe, hakubeba kibao kwenda kukikandamiza kwenye bodi. Alihamishia picha juu yake kwa njia ya fotografia. Andy Warhol naye, msanii ambaye dunia nzima inamjua kwa skrini (kuchapa kwa kusukuma rangi kupitia kitambaa chembamba kilichowambwa kwenye fremu), alipopewa BMW M1 mwaka 1979 aliweka skrini kando akashika brashi, akamaliza gari zima kwa muda usiofika nusu saa. Wachapaji hao wawili walikubali kwamba gari lina masharti yake. Mimi na wewe ni nani tulikatalie?

Kinachofanya kazi kwangu sasa, baada ya milango saba, ni hiki. Nachonga linoliamu kama kawaida, nachapa kwenye karatasi nyeupe kwa wino mweusi mzito, mchapo mmoja safi kabisa, wenye alama zote za kisu. Huo napeleka unakiliwe kwenye filamu ya plastiki, natengeneza skrini, na kwenye gari nachapa kwa skrini, kwa inameli ya skrini, rangi ngumu ya kung'aa iliyotengenezewa chuma. Alama za kisu zinabaki zote, hata zile nyuzi ndogo zinazoachwa na patasi pembeni ya mchoro, ambazo mimi ndizo ninazozipenda kuliko kitu chochote. Mlango naung'oa na kuulaza mezani, kwa sababu kwenye ubavu uliosimama rangi inashuka na skrini inateleza. Ubavu usiong'oka tunakuwa watatu, wawili wanashika fremu na mmoja anavuta raba ya kusukumia rangi. Bodi ya Kirikuu imenyooka, umebahatika. Mahali bati linapopinda pande mbili, kama juu ya tairi, skrini hailali, usijaribu, paka kwa mkono au paache.

Hata inameli usiipigie kliya kabla mlango haujakwambia. Yangu ilikubali baada ya wiki tatu, kwa mikono miwili myepesi kwanza, halafu mmoja mzito. Yako inaweza kutaka zaidi. Nyeusi na zile nyekundu za udongo hazijabadilika mpaka leo. Nyekundu kali niliyonunua kwa bei rahisi ilikuwa ya waridi kabla mwaka haujaisha, na hilo nililiona kwenye mlango wa nne, halikuwahi kufika kwenye gari la mtu.

Jambo moja siwezi kuliacha: hadina ya kliya ina kemikali inayoitwa aisosaineti, inaingia kwenye mapafu na inaweza kukuachia pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haizuii hata kidogo. Fundi awe na ile inayoletewa hewa safi kwa bomba, maana vichujio pekee si vya kutegemea, na wewe usisimame pembeni kama nilivyosimama mimi.

Trafiki: rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi, kwa hiyo ukiibadilisha karibu yote nenda TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, kwanza, na usifunike namba, taa wala riflekta.

Sasa huo ubavu uliokwisha kuuchapa. Usiusugue leo, utapaka tope kama mimi. Uache. Egesha gari kivulini penye upepo, usilifunike na turubai, hewa ndiyo inayokausha. Kila wiki kandamiza kucha kwenye sehemu nene kabisa ya wino, ile inayovimba kando ya mstari, usikandamize sehemu nyembamba. Kucha ikiacha alama, bado. Ikifika siku haiachi alama, subiri wiki mbili nyingine juu yake. Wakati huo mlango wako wa majaribio nao utakuwa umefika mahali pa kukupa jibu kama kliya ipigwe au uvuliwe wote uanze na skrini. Baba yako mkubwa mwambie ukweli leo, kwamba itachukua miezi miwili. Atanuna kidogo. Mimi nilichelewa kusema, na wa kwangu alinuna miezi minane.

Milango ya Carry inapatikana kwa wauza skrepa wa Gerezani, chagua uliobonyea ndiyo rahisi zaidi, usiende umevaa vizuri. Au usinunue. Ninao mmoja wa kushoto umebaki, mweupe, una kutu kidogo chini ya kitasa, niko Tabata. Nitumie ujumbe, njoo na mtu wa kukusaidia kuubeba, na ulete na huo wino wako niuone.