Mwelekeo wa wiki na kusoma mawingu: kwa anayeanza

Anayeanza kuandika mwelekeo wa hali ya hewa wa mji mdogo hukosea mapema sana: huziandika siku zote saba kwa uhakika ule ule. Ukikaa Jumatatu ukaandika "Jumapili mvua saa tisa alasiri", umebahatisha tu. Kwa siku mbili za kwanza taja muda na upande wa mji. Siku ya tatu hadi ya tano, asubuhi au mchana inatosha. Siku mbili za mwisho sema tu kama mvua itaongezeka au itapungua, basi.

Takwimu utakazozichukua kwenye mifumo ya kompyuta inayokokotoa hali ya hewa hazijui mji wako. Mifumo ya dunia nzima huigawa ardhi katika miraba yenye upande wa kilomita 9 na kuendelea, na kila mraba una mwinuko mmoja wa wastani. Mji ulio bondeni chini ya mlima huandikiwa baridi isiyo yake. Tafuta mwinuko wa mraba, ulinganishe na wa mji, kisha rekebisha kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Mraba ukiwa juu ya mji kwa mita 300, ongeza nyuzi 2 kwenye joto la mchana. Usiku wa anga tupu usiongeze kitu, maana hewa baridi huteremka na kutuama bondeni.

Mawingu ni ya kurekebishia siku ya leo, si Ijumaa ijayo. Yamegawanywa katika aina kuu 10, kwa mfumo uliotokana na majina ya Kilatini aliyoyapendekeza Mwingereza Luke Howard mwaka 1802. Usihangaike kuyakariri yote siku ya kwanza. Anza na yale yanayochanganya watu.

Mawingu ya vibonge vibonge hupimwa kwa vidole. Nyoosha mkono, angalia vibonge vilivyo juu kabisa, si vya karibu na upeo wa macho. Kibonge kikifunikwa chote na kidole cha mwisho, hiyo ni sirokumulasi. Kikihitaji vidole viwili au vitatu ni altokumulasi, na kikizidi hapo ni stratokumulasi. Utandu mweupe unaofunika anga unapimwa kwa kivuli: ukiona kivuli chako bado, na pengine duara kulizunguka jua, ni sirostratasi. Kivuli kikipotea na jua likaonekana kama taa nyuma ya kioo chenye ukungu, ni altostratasi. Ikizidi kunenepa na kushuka, mvua ya muda mrefu iko njiani.

Hapa lakini vitabu vingi huwapotosha wanaoishi karibu na ikweta. Kanuni ya kwamba sirasi, yale mawingu membamba ya juu yaliyo kama nyuzinyuzi, huitangulia mvua ilitoka kwenye nchi za mbali na ikweta, ambako mvua huja na mikanda mirefu ya hewa. Kwenye tropiki, sirasi ya asubuhi mara nyingi ni mabaki ya kichwa cha wingu la radi la jana. Inakuambia kilichopita.

Cha kukodolea macho ni kumulasi, wingu la kibonge kama pamba lenye kitako bapa. Saa nne asubuhi, je, kimo chake kimezidi upana? Kama ndiyo, jiandae kwa mvua ya radi alasiri. Vichwa vikikoma kwa kimo kimoja na kutandaa, kuna tabaka la hewa ya joto linalovizuia juu, na huenda mvua isije. Kilele chenye kingo kali kama koliflawa bado ni matone ya maji. Kikianza kufifia na kuwa na nywelenywele, kimegeuka barafu, na hilo sasa ni kumulonimbasi, wingu la radi.

Kimo cha kitako cha kumulasi unaweza kukikadiria: chukua joto la hewa, toa joto ambalo umande huanza kutunga, zidisha kwa mita 125. Nyuzi 30 na 22 zinakupa mita 1,000. Kitako kikiwa juu sana na hewa ya chini ikiwa kavu, mvua huning'inia kama mikia na kukauka kabla ya kugusa ardhi, na simu za lawama zitaanza.

Unapokadiria kiasi cha mawingu, gawa anga sehemu 8, uhesabu zilizofunikwa. Wanaoanza huzidisha kwa sababu karibu na upeo wa macho unayaona mawingu kwa ubavu, nafasi kati yake zinajificha.

Barometa nayo ina mtego. Kwenye tropiki kanieneo ya hewa inayoipima hupanda na kushuka yenyewe mara mbili kwa siku: kilele karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, bonde karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Kushuka kwa hektopaskali 3 (kizio cha kanieneo) mchana si dhoruba. Linganisha saa kumi ya leo na saa kumi ya jana.

Mwisho wa wiki, weka mwelekeo wako kando ya kipimamvua, ukikumbuka kwamba milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Ulipoandika uwezekano wa mvua wa asilimia 30 na mvua ikanyesha, hujakosea bado. Kusanya siku zote ulizoandika 30. Zikinyesha 3 katika kila 10, endelea hivyo hivyo. Zikinyesha 6, unaogopa kuandika mvua.